Kabla ya Kupiga Muhuri Barua ya Masomo ya Ng'ambo

Katika parokia za Tarime na Serengeti kuna barua inayoombwa ofisini ambayo si ya ubatizo wala ya ndoa. Ni barua ya utambulisho kwa ajili ya chuo cha ng'ambo. Anayeiomba si lazima awe kijana aliyemaliza kidato cha sita juzi. Pengine ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka kumi kazini, au muuguzi wa zahanati, au fundi aliyemaliza mkataba kwenye mgodi wa Nyamongo. Kazi anayo, au alikuwa nayo, na sasa anataka nyingine. Hiyo ni haki yake, na wala hatuungani na wanaomwita msaliti wa kijiji.

Linalotusumbua ni swali tunalomuuliza. Wazee wa ukoo, jirani zake wa jumuiya ndogo ndogo, hata sisi tulio katika malezi ya upadre, wote tunauliza: "Unakwenda nchi gani, mura?" Akijibu Kanada, nyumba nzima inashangilia. Ni wachache wanaomuuliza anakwenda kujifunza kazi gani, na kazi hiyo ataifanyia wapi.

Kwa mtu wa Sirari, nje ya nchi ni kuvuka tu kwenda Isebania. Kisii na chuo kikuu chake ni karibu kuliko Dodoma, na upande ule wako Wakuria wenzetu. Lakini mwambie mzee kwamba mwanawe anakwenda kusoma Kisii: ng'ombe hawatoki zizini. Kwa Kanada wanatoka.

Na wanatoka wengi. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani kwa kujitegemea hutakiwa kuonyesha euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka katika akaunti maalumu, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Kanada ilipandisha kiwango chake mwanzoni mwa 2024 hadi dola zake 20,635, mbali na ada na nauli, na baadaye ikakipandisha tena. Wenye ng'ombe wanajua bei ya mnadani, wapige hesabu wenyewe. Uingereza nayo, tangu Januari 2024, imewazuia wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili kuingia na mume, mke au watoto, na wakati wa muhula mwanafunzi wa chuo kikuu haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Anayewaambia wa nyumbani, "Nitasoma huku nikiwatumia fedha," anaahidi jambo ambalo viza yake inalibana.

Hapa ndipo penye uzito. Ng'ombe wa Mkurya si mali ya mtu mmoja. Waliotoka kwenye mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka, ndivyo tulivyolelewa. Kundi likipungua kwa ajili ya safari, njia ya haraka ya kulijaza inajulikana, nayo inapita kwa binti aliye bado shuleni. Hatusemi kila safari inalipwa hivyo. Tunasema kwamba katika wilaya ambako wasichana wamelazimika kukimbilia vituo vya Masanga na Mugumu kukwepa ukeketaji na ndoa za utotoni, mtu anayeandika barua ya utambulisho hawezi kujifanya hajui kuuliza.

Mara nyingi anatajwa Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, kama kwamba safari ya 1949 ilimtoa darasani na kumpeleka moja kwa moja Ikulu. Haikuwa hivyo. Aliondoka akiwa mwalimu wa Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kwa ufadhili wa masomo. Akahitimu Edinburgh mwaka 1952, akarudi, Januari 1953 akafunga ndoa na Maria, mzaliwa wa Baraki katika wilaya ya Tarime ya wakati ule, akaendelea kufundisha, safari hii Pugu. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Ualimu aliuacha Machi 1955. Kazi mpya aliichagua hapa nyumbani, akiwa amekwisha kuona inahitajika kwa nani.

Njia nyingine zipo, na hazisimuliwi vya kutosha. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinamwezesha mwalimu wa Mugumu kusoma bila kuacha mshahara. Hata Ujerumani, anayetaka uuguzi anaweza kuingia katika mafunzo ya kazi ambayo mwanafunzi hulipwa posho kila mwezi; kigingi kikubwa ni lugha, na lugha inaanza kusomwa hapa kabla ng'ombe hata mmoja hajauzwa. Mtumishi wa umma naye aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi, maana anayeondoka kimya huhesabiwa mtoro na kazi yake huishia hapo. Na anayetaka shahada yake itambuliwe akirudi aanzie Tume ya Vyuo Vikuu, si kwa wakala aliyemkuta kwenye simu.

Kwa maparoko tunatoa ombi. Mwombaji akija, aandike kwenye karatasi kazi anayoiacha, kazi anayoitaka, na fedha inatoka wapi. Kisha, kabla ya muhuri, aitwe mama yake, aitwe mkewe kama anaye, na waitwe dada zake, hasa yule ambaye bado anavaa sare za shule. Wasomewe karatasi hiyo wote wakiwa wameketi pamoja, na wapewe nafasi ya kusema.