Wapeleke watoto wakawaone kima

Msomaji wangu wa Kaloleni, Jericho, Makadara, Umoja na kwingineko Eastlands, leo nina swali moja. Je, mtoto wako amewahi kuingia msituni? Sisemi ule mti mmoja ulio karibu na kioski, ambao nguo huanikwa juu yake. Nasema msitu wenye kima.

Usiniambie huna nauli ya kwenda mbugani. Msitu uko humu humu mjini, Parklands, kando ya barabara ya Limuru. Jina lake City Park. Panda matatu hadi katikati ya jiji, halafu nyingine ya kwenda upande huo.

Hayo ni mabaki ya msitu wa asili uliokuwapo kabla ya reli kufika Nairobi mwaka wa 1899. Mna miti ya mukinduri, na muhugu ambao wachongaji huutumia kutengeneza vinyago. Kima wa humo wana weupe shingoni. Watazame, lakini usiwape mkate wala njugu. Wakishazoea, watakunyang'anya mfuko mchana kweupe!

Mkishacheka, tembeeni taratibu hadi penye makaburi. Hapo amelala Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi nyumbani kwake Februari 24, 1965. Karibu naye yumo rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Murumbi alifariki mwaka wa 1990, akazikwa hapo kama alivyotaka. Waeleze watoto hao walikuwa nani.

Sasa sikiliza, msomaji. Bustani hiyo ilikuwa na zaidi ya hekta 90. Zilizobaki ni kama 60. Mwaka wa 2009 serikali iliitangaza kuwa urithi wa taifa unaolindwa na sheria, na hilo ni jambo jema. Lakini sisi wa Eastlands twajua mambo ya viwanja. Uwanja wa mpira ukikosa wachezaji kwa muda, siku moja mtaamka mkute umezungushiwa mabati, na mwenyewe hamumjui.

Basi funga chapati, jaza chai kwenye chupa, uwashike watoto mkono mwende. Bustani yenye watu kila Jumapili si rahisi kunyakuliwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.