Bunduki Ukutani si Ukumbusho

Wako wasemao kwamba bunduki ambayo askari alirudi nayo nyumbani kutoka vitani ni ukumbusho, na kwamba mwenye kuzikusanya anahifadhi historia. Sisi walimu wa Kiswahili hatukubaliani nao, na hoja yetu ya kwanza ni ya lugha. Neno ukumbusho limetokana na kukumbusha. Kitu kisichomkumbusha mtu jambo hakistahili jina hilo.

Natutazame jinsi bunduki hizo zinavyothaminiwa. Baada ya mwaka 1945 askari wa Marekani walirudi kwao na bunduki za Kijapani aina ya Arisaka. Nyingi zilikuwa zimekwanguliwa nembo ya mfalme wa Japani, ua lenye petali 16. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa ile ambayo ua lake limesalia. Huulizana juu ya ua, juu ya namba, juu ya kutu. Nani aliibeba, na nani aliuawa kwayo? Hayo hayamo katika bei.

Kwetu jambo hili si la kabati la kioo. Kabonga iko mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwambao huo wa Rumonge na Nyanza-Lac ulishuhudia umwagaji damu wa mwaka 1972, kisha Burundi nzima ikaingia katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Mwaka 2009 serikali iliwataka raia wasalimishe silaha. Katika nchi kama hiyo bunduki iliyofichwa darini si kumbukumbu ya vita vilivyokwisha, bali ni akiba ya vita vijavyo. Anayeipamba kwa jina la ukumbusho anaificha mara ya pili.

Tutaambiwa: mbona makumbusho ya taifa huweka silaha? Yakiiweka bunduki pamoja na habari za waliokufa, hatuna ugomvi nayo. Hapo imekumbusha.

Lakini kuna ukumbusho usiohitaji chuma. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwachukua maelfu kwa maelfu ya Waafrika wawabebee mizigo, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Wapagazi hao hawakurudi na bunduki, maana hawakupewa. Hata hivyo jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilipita katika vinywa vya watu likawa Kariakoo, na hadi leo Dar es Salaam inalitamka kila siku. Neno limewahifadhi watu ambao bunduki zote za wakusanyaji zimewasahau.

Basi, ndugu walimu, kazi ya kukusanya ni yetu. Wanafunzi na wakae na wazee wao, kwa adabu na kwa ridhaa yao, waandike walivyokimbia, waliyemwacha nyuma, na maneno waliyoyasema njiani. Bunduki ikabidhiwe serikalini. Ushuhuda ndio ubaki nyumbani.