Utayari wa Kaya Upimwe Kwenye Antena

Saa sita mchana tarehe 8 Septemba 2008, katika mji wa Wilmington, jimbo la North Carolina nchini Marekani, meya wa mji alivuta swichi kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya sherehe hiyo, na vituo vya televisheni vya kibiashara vya eneo hilo vikazima kwa pamoja matangazo yao ya analojia. Taifa zima lilikuwa limepangiwa kuhamia matangazo ya dijitali tarehe 17 Februari 2009. Wilmington ilikubali kutangulia ili ijulikane mapema kama kaya ziko tayari.

Tangu miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, wakazi walikuwa wametangaziwa habari hiyo kwa kila njia, na ilikuwa shida kumpata mtu ambaye hakuisikia. Lakini katika siku chache za kwanza simu zaidi ya 1,800 za kuomba msaada zilipigwa kwa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Wengi wa waliopiga walikuwa wamekwisha kununua king'amuzi. Ila wengine hawakujua kwamba chombo hicho lazima kwanza kiamriwe kutafuta vituo, na mamia walilalamika kwamba kituo walichozoea kukitazama, WECT, kimetoweka. Kituo hicho kilikuwa kikirusha analojia katika chaneli ya 6, ambayo mawimbi yake husafiri mbali, na kikahamia dijitali katika masafa ya juu zaidi. Watu wa pembezoni mwa eneo lake wakajikuta nje.

Hapana budi sababu ya jambo hilo ifahamike, kwa kuwa hoja yote inategemea hapo. Mawimbi ya analojia yanapodhoofika, picha huharibika kidogo kidogo. Chenga huongezeka, sauti hukwaruza, lakini mtazamaji mvumilivu bado humwona msomaji wa habari. Matangazo ya dijitali hayana huruma hiyo. Picha husafirishwa kama mfululizo wa tarakimu, na king'amuzi husahihisha makosa yanayoingia njiani kwa kufanya hesabu. Makosa yakiwa machache, picha hutokea safi kabisa, kana kwamba mnara uko uani. Yakipita kiasi ambacho hesabu inaweza kukirekebisha, picha hukatika vipande, hukwama, kisha hutoweka. Baina ya picha safi na kioo cheusi kuna hatua ndogo mno.

Kwa hiyo kaya iliyozoea chenga haijui imesimama upande gani wa genge hilo. Hata ile inayopata picha safi ya dijitali leo haijui iko umbali gani kutoka ukingoni; mti ukikua, ghorofa likijengwa mbele ya nyumba, au waya wa antena ukiingia maji ya mvua, huenda kesho isione kitu. Mwenye nyumba hawezi kulitambua hilo kwa macho. Hutambulika kwa kipimo cha nguvu ya mawimbi, kikiwa kimeunganishwa na antena ileile iliyo juu ya paa lake.

Basi mtu anapogonga mlango na kuuliza kama wenyeji wamepata habari za mabadiliko, anapima masikio yao. Anayehesabu ving'amuzi vilivyouzwa madukani anapima biashara. Serikali ya Marekani ilihesabu kuponi. Kila kaya iliruhusiwa kuomba kuponi mbili, kila moja ya dola 40, za kupunguza bei ya king'amuzi. Nyingi zilipitwa na muda zikiwa hazijatumika, hali fedha za mpango zilikwisha kugawiwa zote kufikia Januari 2009, na waombaji wakawekwa kwenye foleni. Tarehe ya taifa ikabidi isogezwe hadi 12 Juni 2009.

Wakaguzi wengine walitumia mbinu iliyo bora kidogo. Kituo huzima analojia kwa dakika chache, na yule ambaye hajajiandaa huona tangazo la kumwonya kwenye kioo chake. Mbinu hii ni rahisi na yafaa itumike. Hata hivyo haimwambii mtu kama mawimbi ya dijitali yatamfikia atakapofunga king'amuzi, wala haimfikii aliye shambani au kazini saa hiyo.

Nchini Uingereza jambo hili lilianzwa kwa namna nyingine. Mwaka 2005, katika vijiji viwili vya Wales, Ferryside na Llansteffan, kaya zisizofikia 500 zilipewa vifaa na kusaidiwa kuvifunga. Analojia ikaondolewa kwa sehemu kubwa, kisha wakazi wakaulizwa kama wanataka irudishwe. Karibu wote walisema dijitali ibaki. Wapenzi wa takwimu husifu wingi wa kura hizo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba swali liliulizwa wakati jibu lilikuwa bado linaweza kubadili jambo. Jaribio ambalo tarehe yake haisogei hata matokeo yakiwa mabaya ni sherehe tu.

Katika Afrika Mashariki, Tanzania ilizima analojia mjini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine kama Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha na Mbeya ikafuata kwa awamu mwaka 2013. Mpango wa awamu ulikuwa wa busara. Lakini kuanza na jiji kubwa kuliko yote ni kinyume cha jaribio: penye kaya nyingi, kosa moja huwa kosa la wengi, na mafundi hawatoshi kupanda kila paa. Kenya ilipozima mwaka 2015, vituo vinne vikubwa vilikaa takriban wiki tatu bila kuwa hewani kwa sababu ya mgogoro wao na serikali, na mwenye king'amuzi akawa sawa na asiye nacho. Huko Afrika Kusini tarehe imeahirishwa mara nyingi. Mahakama ya Katiba iliibatilisha moja mwaka 2022, na Mahakama Kuu ikasimamisha nyingine, ya 31 Machi 2025. Kiini cha ubishi huo ni kaya maskini ambazo zingezimiwa kabla hazijapata vifaa.

Nchi ambayo bado haijazima haikosi uwezo wa kufanya kipimo cha kweli. Zichaguliwe kaya mia chache, na zisiwe za barabara kuu peke yake: ziwemo za nyuma ya kilima, za bondeni, na vyumba vya chini vilivyobanwa na maghorofa. Fundi apime mawimbi kwa antena ya mwenye nyumba, asije na yake iliyo nzuri zaidi. Baada ya kufunga king'amuzi aondoke, amwachie bibi wa nyumba remoti, kisha arudi katikati ya masika aone kama bado anapata taarifa ya habari. Kazi hii haihitaji maabara.

Wilmington yenyewe ilikuwa na shaka yake. Siku mbili kabla ya sherehe, tufani iliyoitwa Hanna ilikuwa imepiga pwani ya majimbo ya Carolina. Kituo cha televisheni ya umma hakikuzima pamoja na wengine. Kiliendelea kurusha analojia, kwa kuwa msimu wa tufani ulikuwa haujaisha na watu walipaswa kupata maonyo.