Usiniambie Breki Zilifeli

Kila ajali ikitokea, kauli ni ile ile: gari lilifeli breki. Inasemwa kana kwamba breki ni mtu aliyelala mzima akaamka maiti. Tumeizoea mpaka hatuulizi tena. Zilianza kulalamika lini? Nani alizisikia akanyamaza?

Nasema na wewe mwenye Noah, mwenye Voxy, mwenye Alphard. Wewe unayepakia mke, watoto, mama mkwe na gunia la mchele kila Desemba kwenda Mbeya. Gari lilikuonya. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu umeyaona!

Ile taa nyekundu ya handibreki inayowaka ukikata kona kisha inazima, unadhani inacheza? Mafuta ya breki yamepungua. Kwenye kona yanalalia upande mmoja, taa inawaka. Unakwenda gereji, fundi anafungua kifuniko, anajaza, anafunga, anachukua hela yake. Taa imezima, umefurahi.

Mafuta yameenda wapi? Hakuna aliyeuliza! Mafuta ya breki hayaunguzwi kama petroli. Yakipungua, ama pedi zimelika ama kuna mahali panavuja. Na wapo wanaojazia haidroliki ya usukani, eti mafuta ni mafuta. Mipira ya ndani inavimba, mfumo mzima unaharibika, na bado fundi huyo kesho ana wateja.

Amka, ndugu yangu. Pedali inaongea. Umesimama kwenye taa za barabarani, umeikanyaga, nayo inazidi kuzama taratibu? Masta silinda imechoka, au kuna uvujaji. Haishiki mpaka uipampu? Kuna upepo, utolewe. Ngumu mpaka unainuka kitini? Angalia busta na bomba lake. Gari linavuta upande mmoja? Mara nyingi ni kalipa iliyoganda. Magonjwa manne, na fundi wako ana dawa moja tu: nunua pedi mpya, bosi.

Na wewe unanunua!

Sasa, ukirudi, shuka mteremko wa Kitonga na gari hilo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. Wewe una watu saba ndani, mizigo juu, mguu uko kwenye breki tangu kileleni. Diski zinawaka moto, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unaminyika. Mguu unafika sakafuni na gari linaendelea kwenda. Nyuma yako kuna watoto.

Hapo ndipo tutasema breki zilifeli. Hapana! Mafuta yale yamo humo tangu gari lishuke bandarini. Yalipaswa kubadilishwa yote kila baada ya miaka miwili hivi, na gia ilipaswa kushushwa kabla ya mteremko ili injini izuie gari. Nani alikataza?

Kwenye giaboksi wizi ni mkubwa zaidi. Gia imeganda kwenye P, haitoki. Fundi anatikisa kichwa: giaboksi imekufa, twende Gerezani tukatafute ya mtumba. Hakuna aliyezunguka nyuma ya gari kuangalia kama taa za breki zinawaka! Magari haya hayaruhusu gia kutoka P mpaka mfumo ujue umekanyaga breki, na anayepeleka habari hiyo ni swichi ndogo iliyo juu ya pedali. Ikifa, taa za breki haziwaki na gia haitoki. Swichi ndogo! Mtu anauza ng'ombe wa mahari kwa sababu ya swichi.

Na Noah za umbo lililotoka 2007 zina giaboksi ya CVT. Hizo zina mafuta yake, si haidroliki yoyote iliyopo rafuni. Ukiweka isiyo yake, mkanda wa chuma ulio ndani unateleza na kusagika. Gari linanguruma bila kuvuta, mafuta yananuka kuungua, nawe unasema Wajapani wametuuzia takataka. Takataka umeimimina mwenyewe, kwa sababu kopo lile lilikuwa rahisi.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio hiki hakitakuwa cha gari.

Kabla ya safari, matairi yote manne yavuliwe mbele ya macho yako. Pedi uzione. Hozi uzishike kwa mkono. Kama tatizo ni gia, mashine ya kupimia ichomekwe na usome kilichoandikwa kabla boliti moja haijafunguliwa. Fundi akikuambia huna haja ya kuona, chukua funguo zako uondoke.