Kazi za Mikono: Mkanda na Maji ya Motokaa

Safari hii twasema habari za motokaa kuukuu, maana wengi wetu hapa Mikindani twasafiri kwa gari la namna hiyo, nasi hulitazama likiisha kuharibika tu.

Mwaka uliopita tulipanda nchi ya juu ya Wamakonde, njia ya Nanyamba na Tandahimba, kumpeleka mama mjamzito kwao Newala. Katika mchanga mzito mpira wa maji ukapasuka, injini ikachemka. Mwanamke wa kijijini akatupa ndoo mbili za maji. Huko juu maji ni shida. Hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, au hukingwa mvua inyeshapo. Tukayatia, nayo yote yakamwagika mchangani. Mjamzito wetu alikaa kivulini tangu adhuhuri hata jioni, lori lilipompokea. Naliona haya sana, kwa kuwa ufa wa mpira ule naliuona kabla hatujaondoka, nikaupuuza.

Basi kabla ya safari, injini ikiwa baridi, fanya hivi. Kwanza, tazama mkanda uzungushao feni na pampu ya maji. Ukiwa na nyufa, au ukang'aa na kuteleza, ubadili. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu iliyo ndefu. Ukibonyea kadiri ya sentimeta moja, wafaa. Ukilegea zaidi, legeza bolti za dainamo, isukume nje kwa kipande cha mti, kisha kaza bolti. Usiuvute kupita kiasi, usije ukaharibu beringi.

Pili, minya mipira ya maji. Uliovimba, uliolegea au uliokakamaa haufai.

Tatu, usitie maji ya bahari, ijapokuwa ghuba i karibu; chumvi hula rejeta. Tia maji safi pamoja na dawa yake. Dawa hiyo yaweza kuwa tamu, lakini ni sumu. Iweke mbali na watoto.

Injini ikichemka njiani, usifungue mfuniko. Maji yaliyofungiwa hupita joto la digrii 100 pasipo kuchemka, nayo yakifunguliwa huruka na kuunguza uso. Ngoja ipoe, wala usimimine maji baridi juu ya chuma cha moto, kisije kikapasuka.

Tuliporudi tulimpelekea yule mwanamke madumu manne ya maji. Akashukuru, kisha akauliza kama mpira tumekwisha kuubadili.