Niachieni Peugeot Yangu

Haya, leo si habari za programu. Nimechoka kuulizwa, "Wewe mtu wa kompyuta, mbona unaendesha mkebe?" Mkebe wenyewe ni Peugeot 504, na kila asubuhi hunitoa Kibwezi, hunivusha Mto Athi na kunifikisha kazini Mutomo.

Wanaonicheka hununua gari la Japani lililotumika miaka 7, kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza lililozidi 8, kisha wanaliita jipya! Taa ya injini ikiwaka, lazima wamsubiri mwenye kifaa cha kusoma hitilafu. Langu juzi lilizima karibu na Ikutha. Nikafungua boneti, nikatoa jeti ya kabureta, nikapuliza uchafu kwa mdomo, nikaendelea na safari. Kazini tunaisifu Linux kwa sababu msimbo wake uko wazi, halafu tunanunua magari tusiyoweza kuyafungua. Unafiki mtupu.

Eti ni la kizee. Ndiyo! 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 (ile ya pili ilikuwa ya milango 2 na injini ya V6, najua, msinisahihishe). Springi zake bado zinameza mashimo ya njia ya kwetu, pale gari la jirani linapokwaruza tumbo.

Mafuta linakunywa, sibishi. Mifuko ya hewa halina, kwa hiyo naenda polepole na kuitazama mibuyu.

Chekeni tu. Mvua ikinyesha na matatu zikipotea, mtaniomba lifti tena.