Urithi wa Barafu

Bwana aliyetangaza gazetini kwamba klabu za vijana za mpira wa magongo wa barafuni zinaharibu asili ya mchezo kwa kuwatafuta watoto weusi, ambao ati hawana urithi katika mchezo huo, hakupekua tarikhi. Kwani huko Halifax, Kanada, Wabaptisti weusi waliasisi ligi yao mwaka 1895, miaka 22 kabla ya kuzaliwa ligi kubwa ya mchezo huo anayoitukuza. Na Washington, Neal Henderson, aliyeasisi klabu ya Fort Dupont mwaka 1978, aliwafunza watoto wa mjini kuteleza na kushika gongo, naye akidai kuziona ripoti zao za skuli. Mwaka 2019 Wamarekani walimtia katika jumba la mashujaa wa mchezo wao. Je, nao wameiharibu asili?